Insulini nyumbani Dar es Salaam: mwongozo kamili, kuanzia duka la dawa hadi kwenye ngozi

Mwezi huu nimekaa na watu watatu, na wote walikuja na neno moja: "Sindano haifanyi kazi." Mama mmoja wa Tandika alikuwa anaweka kichupa chake juu ya kabati la televisheni, pale ambapo jua la saa tisa linapiga moja kwa moja kupitia dirishani. Kijana wa bodaboda alikuwa anatembea nacho chini ya kiti cha pikipiki. Mzee wa Kigogo yeye alitunza dawa vizuri kabisa, ila upande wa kulia wa kitovu alikuwa na kinundu kikubwa kama limau, maana miaka minne anachoma palepale.

Wote watatu walikuwa wameongezewa dozi, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko sukari yao. Ukiongezewa yuniti kwa sababu ya dawa iliyokwisha kufa, siku utakapofungua kichupa kipya, kizima, dozi ile ile itakuangusha chini. Sukari itashuka hadi upoteze fahamu, na nyumbani watasema umerogwa.

Kwa hiyo kabla hujamwambia daktari dozi haitoshi, pitia hatua zilizo hapa chini. Zimeandikwa kwa anayetumia kichupa na bomba la sindano, kama wengi wetu. Mwenye kalamu ya insulini asome hatua ya pili na ya sita. Dozi yenyewe siigusi. Hiyo ni kazi ya daktari wako.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kichupa cha insulini, na kingine cha akiba kama mfuko unaruhusu.
- Mabomba ya insulini yenye alama za yuniti 100 kwa mililita.
- Mashine ya kupima sukari na vijiti vyake.
- Daftari na kalamu.
- Kipimajoto cha chumba, kile kidogo cha kuning'iniza ukutani.
- Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana.
- Chupa ya chai yenye mdomo mpana.
- Vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, na mchanga safi. Hivi ni kwa asiye na friji.
- Chupa ngumu ya plastiki iliyokwisha, kama ya dawa ya kusafishia choo, kwa ajili ya sindano zilizotumika.
- Sukari ya mezani, iliyofungwa kwenye kikaratasi, mfukoni. Kila siku, hata ukienda dukani tu.

Spiriti na pamba sikuviorodhesha. Maji na sabuni vinatosha kwa ngozi safi. Ukipenda kutumia spiriti, iache ikauke kwanza, vinginevyo itawasha.

## Swali la kongosho la ng'ombe

Nalijibu mapema kwa sababu linarudi kila bei inapopanda: "Insulini si ilikuwa inatolewa kwa ng'ombe na nguruwe? Kongosho pale machinjio ya Vingunguti si zipo?"

Ni kweli, kwa miaka mingi ilitoka huko. Lakini kongosho lina vimeng'enyo vya kusaga protini, na insulini ni protini. Mnyama akishakufa, vimeng'enyo hivyo huanza kuila insulini iliyomo humo humo. Ukifanikiwa kupata kitu, hutajua kina yuniti ngapi, na kitakuwa na uchafu ambao chujio la nyumbani haliuondoi. Januari 1922 huko Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa maji ya kongosho la ng'ombe yaliyoandaliwa na watu wenye maabara. Sukari ilishuka kidogo tu, na pale alipochomwa pakatunga jipu. Ilibidi mtaalamu wa kemia aisafishe dawa upya ndipo sindano za siku 12 baadaye zikafanya kazi. Hao walikuwa na maabara. Sisi tuna sufuria na jiko la mkaa.

Kulichemsha na kulinywa supu pia hakusaidii. Tumbo litaisaga insulini kama linavyosaga maharage, na ndiyo sababu hakuna kidonge chake hadi leo tunachokinunua dukani. Insulini nyingi tunayochoma sasa inatengenezwa kwa chachu au bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Ng'ombe hahusiki.

## Hatua ya 1: Kuinunua na kuifikisha nyumbani

Nunua mahali ambapo unaiona ikitoka kwenye friji mbele ya macho yako. Ikitoka kwenye droo, rudisha hela yako mfukoni.

Soma vitu vitatu kabla hujalipa. Jina, kwanza: Actrapid ni ya haraka, Insulatard ni ya kwenda polepole, Mixtard 30 ni mchanganyiko wenye asilimia 30 ya haraka na 70 ya polepole. Vichupa vinafanana, na mwuzaji aliyechoka anaweza kukupa kimoja badala ya kingine. Pili, nguvu: iandikwe yuniti 100 kwa mililita. Tatu, tarehe ya kuisha muda.

Kisha safari. Kutoka Kariakoo hadi Mbagala saa kumi na moja jioni unaweza kukaa kwenye foleni saa nzima na zaidi, daladala imejaa, bati la gari linachoma. Beba chupa ya chai uliyoisuuza kwa maji baridi. Funga kichupa kwenye mfuko wa nailoni, kizungushie kipande cha kanga, ndipo ukiingize. Ukiweka barafu, isigusane na kichupa hata kidogo. Kanga ikae katikati.

Ukiwa na boda, kichupa kikae kwenye begi mgongoni. Chini ya kiti pana joto la injini.

Utajua umefaulu: ukifika, kichupa ukikishika kimepoa au kina ubaridi wa kawaida. Hakina joto la mwili, na hakijashikana na barafu.

## Hatua ya 2: Kuihifadhi

Hapa ndipo dawa nyingi zinapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

### Kichupa ambacho hujakifungua

Kinakaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8, na hapo kitadumu hadi tarehe iliyoandikwa. Kiweke rafu ya katikati au mlangoni. Zile friji ndogo za mlango mmoja, ambazo ndizo nyingi kwenye nyumba za kupanga, zina kifriza juu; rafu iliyo chini yake hugandisha vitu bila wewe kujua. Jaribu hivi: weka kijiko kimoja cha maji kwenye kisosi mahali unapotaka kuweka dawa, kilale usiku kucha. Asubuhi ukikuta utando wa barafu, hapo si mahali pake.

Kuganda kunaua insulini papo hapo, na ikiyeyuka haifufuki. Tena mara nyingine inaonekana nzima kabisa. Nalijua hili kwa uchungu. Nilikuwa nimepanga chumba, nikaomba nafasi kwenye friji ya mama mwenye nyumba. Siku moja mwanawe alikuwa anapanga vifuko vya barafu za kuuza, akaona kichupa changu kinambana, akakisogeza friza kwa muda. Jioni alikirudisha mahali pake, mtoto wa watu, wala hakuona la kusema. Nilichoma siku mbili. Asubuhi ya tatu mashine ilisoma 23 (namba zote za sukari humu ni milimoli kwa lita) na nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi.

Tangu siku hiyo dawa yangu inakaa kwenye kopo lenye mfuniko, limeandikwa kwa kalamu nene: DAWA. USIWEKE FRIZA. USISOGEZE. Lina mkanda wa gundi kuzunguka. Mwenye friji wa kuchangia afanye hivyo hivyo leo.

### Kichupa unachokitumia

Hiki hakihitaji friji. Kinataka joto lisilozidi nyuzi 30 na giza, kwa wiki nne tangu siku ulipokitoboa. Aina nyingine huruhusiwa wiki sita. Karatasi iliyomo ndani ya boksi ndiyo inayoamua. Kwenye friji pia kinakaa bila shida, ila insulini ya baridi inauma ikiingia, kwa hiyo kitoe robo saa kabla.

Andika tarehe ya kukifungua kwenye lebo. Usitegemee kichwa chako. Piga hesabu pia: kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Anayechoma 20 asubuhi na 10 jioni anamaliza 30 kwa siku, kichupa kitakwenda siku 33, na siku za mwisho zitakuwa zimepita wiki nne. Mtoto anayechoma yuniti 12 kwa siku atatumia 336 tu kwa siku 28. Zilizobaki zinamwagwa. Najua inauma kumwaga dawa uliyoitolea jasho. Kwa mtoto kama huyo uliza kliniki kama kuna vichupa vidogo au kalamu ya mililita 3.

Shida ya Dar ni chumba chenyewe. Chini ya bati bila dari, mwezi wa Januari, kipimajoto cha ukutani kinapita 30 kabla ya saa sita mchana. Ndiyo sababu nilikitaja kwenye orodha: kining'inize mahali unapoweka dawa na ukisome saa nane mchana, siku tatu. Kikizidi 30, nenda kwenye chungu.

### Chungu ndani ya chungu

1. Chukua chungu kikubwa kisichopakwa rangi. Rangi inaziba vitundu, na maji yasipovuja hakuna ubaridi.
2. Mimina mchanga chini, unene wa vidole vitatu. Weka chungu kidogo juu yake, kisha jaza mchanga pembeni hadi karibu na mdomo.
3. Lowesha mchanga hadi chungu cha nje kitoe jasho.
4. Weka kichupa kwenye kopo lake kavu, liingie chungu cha ndani. Funika kwa kitambaa kibichi.
5. Kiweke kivulini penye upepo: barazani upande usio na jua, au kwenye dirisha la uani. Ndani ya kabati hakitafanya kazi.
6. Ongeza maji asubuhi na jioni.

Chungu kinapoa kwa sababu maji yanayokauka huondoka na joto. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo kwetu pwani wakati wa masika, maji hayakauki haraka na ubaridi unapungua. Jamaa wa Dodoma watapata baridi kubwa kuliko sisi. Kwa hiyo usiamini chungu kwa imani tu. Tumbukiza kipimajoto ndani na usome.

### Umeme ukikatika

Usikimbie. Usijaze barafu kwenye kopo. Funga friji na usiifungue kila dakika. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, uliofuata joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya. Insulini iliyokaa wiki nne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu sawa na iliyokaa kwenye ubaridi. Hiyo haikupi ruhusa ya kuiacha kwenye dashibodi ya gari, ambako joto linapita huko mbali. Lakini usiku mmoja bila umeme haujawahi kuua kichupa. Nimeona barafu ya kuogopa giza ikiua vichupa vingi kuliko giza lenyewe.

Ukisafiri kwenda mkoani, kichupa kinapanda nawe ndani ya basi. Pale stendi ya Magufuli, mpiga debe atakung'ang'ania aweke begi lote kwenye buti. Mpe nguo, dawa baki nayo.

Utajua umefaulu: kipimajoto kinasoma chini ya 30 saa nane mchana, lebo ina tarehe, na mtu yeyote wa nyumba yako akiulizwa dawa inakaa wapi anajua, na anajua haiguswi.

## Hatua ya 3: Kuikagua kabla ya kila sindano

Nawa mikono. Inua kichupa kwenye mwanga.

Insulini ya haraka lazima iwe safi kama maji ya kunywa. Ikiwa na ukungu, vijiuzi au rangi, itupe.

Insulatard na Mixtard huwa na rangi ya maziwa, na zikikaa zinatengana: unga mweupe chini, maji juu. Hilo ni sawa. Zungusha kichupa taratibu kati ya viganja mara 10, kisha kigeuze juu chini mara 10. Usikitikise kama dawa ya kikohozi, kwa sababu povu litakuibia yuniti kwenye bomba na mtikisiko huiharibu dawa.

Hatua hii watu wanaiona ya kitoto, wakati usipochanganya, leo utavuta maji zaidi na kesho unga zaidi. Leo sukari 6, kesho 17, na wewe umechoma 20 zile zile.

Utajua umefaulu: maziwa ya rangi moja kuanzia juu hadi chini. Ukiona mabonge yanayoelea, au chembe zimeganda kwenye kuta za kichupa kama baridi ya kioo cha friza, kimekufa hicho.

## Hatua ya 4: Kuvuta dozi

Tazama bomba kwanza. Lazima liwe la yuniti 100 kwa mililita. Mara nyingi kifuniko chake ni cha rangi ya chungwa. Yapo mabomba mengine ya yuniti 40, mara nyingi yenye kifuniko chekundu. Ukivuta "20" kwenye bomba la 40 kutoka kichupa cha 100, utakuwa umevuta yuniti 50. Narudia: 50. Usilitumie hata kama ndilo pekee lililobaki dukani.

Sasa mistari. Bomba la mililita 1 lina yuniti 100, na kila kimstari ni yuniti 2. Lile la nusu mililita lina yuniti 50, na kila kimstari ni yuniti 1. Mtu aliyezoea la nusu akipewa la mililita nzima, anahesabu vimistari 20 na kujichoma 40. Usihesabu vimistari. Soma namba.

1. Vuta hewa kiasi sawa na dozi yako.
2. Kichupa kikiwa kimesimama mezani, ingiza sindano na usukume hewa hiyo ndani. Bila hewa, kichupa kinanyonya na dawa inavutika kwa shida.
3. Geuza kichupa juu chini, ncha ya sindano iwe ndani ya dawa.
4. Vuta zaidi ya dozi kidogo, kisha rudisha hadi kwenye namba yako. Soma kwenye ukingo wa mpira ulio karibu na sindano.
5. Ukiona kiputo, gonga bomba kwa ukucha ili kiputo kipande juu, kisukume kirudi kichupani, na uvute tena.

Kiputo hakikuui, kinachotokea ni kwamba kimechukua nafasi ya dawa. Watu wanaogopa hewa na kusahau kuwa wamepungukiwa yuniti 3.

Utajua umefaulu: ukingo wa mpira umekaa juu ya namba yako, hakuna kiputo, na mtu mwingine akisoma anataja namba ile ile. Mwenye macho yaliyofifia amwite mjukuu. Si aibu.

## Hatua ya 5: Kuchanganya aina mbili kwenye bomba moja

Hii ni kwa aliyeandikiwa ya haraka na ya polepole kwa wakati mmoja. Mwenye Mixtard aruke. Yake imeshachanganywa kiwandani.

Sheria ni moja: safi kwanza, maziwa baadaye. Tuseme umeandikiwa 6 za haraka na 14 za polepole. Sukuma hewa 14 kwenye kichupa cha maziwa, toa sindano bila kuvuta kitu. Sukuma hewa 6 kwenye kichupa safi, vuta yuniti 6. Rudi kwenye cha maziwa, vuta polepole hadi mpira ufike 20. Ukizidisha hapo, usirudishe kichupani. Mwaga yote, anza upya.

Ukianza na maziwa, tone dogo litaingia kwenye kichupa cha haraka na kukichafua, na baada ya muda ile ya haraka haitakuwa ya haraka tena. Insulini nyingine, kama glargine, hazichanganywi na kitu chochote.

## Hatua ya 6: Kuchoma

Insulini inaingia kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Ikifika kwenye msuli inakimbia haraka mno. Ikibaki juu ya ngozi inauma na kuvuja.

Sehemu za kuchoma ni tumbo, kwa kuacha umbali wa vidole viwili au vitatu kutoka kitovu kila upande. Mapaja, upande wa mbele na wa nje. Makalio, juu upande wa nje. Na nyuma ya mkono wa juu kama kuna wa kukusaidia. Tumboni inafanya kazi haraka kuliko pajani. Kwa hiyo asubuhi chagua sehemu moja na jioni sehemu moja, usirukeruke leo tumbo kesho paja kwa dozi ile ile ya asubuhi.

Bana mkunjo wa ngozi kwa kidole gumba na cha shahada. Ingiza sindano moja kwa moja, wima. Aliye mwembamba na mtoto wailaze kidogo. Sukuma taratibu hadi mwisho, hesabu hadi 10, ndipo uitoe na kuachia mkunjo. Usisugue.

Kuhesabu hadi 10 kunaonekana kirefu asubuhi ukichelewa mwendokasi, lakini ukichomoa mapema, tone linabaki juu ya ngozi, na tone hilo ni yuniti.

### Vinundu

Turudi kwa mzee wa Kigogo. Pale unapochoma kila siku, mafuta huvimba na kuwa magumu, na palepale hapaumi. Ndiyo maana mtu anapapenda. Insulini ikiingia mle inanyonywa inavyotaka yenyewe: leo kidogo, kesho yote kwa mkupuo.

Gawa tumbo mara nne kama chapati. Wiki hii robo ya juu kulia, wiki ijayo ya chini kulia, zunguka. Ndani ya robo, kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Papasa tumbo lako mara moja kwa wiki ukiwa unaoga, mkono ukiwa na sabuni. Kinundu utakisikia kabla hujakiona.

Onyo kubwa: ukihama kutoka kwenye kinundu kwenda ngozi nzima, dozi ile ile itakuwa na nguvu zaidi. Ongea na kliniki kabla hujahama ili wapunguze, na siku hizo pima sukari mara nyingi, hata usiku. Yule mzee tulimpeleka kliniki kwanza, ndipo akahama.

Utajua umefaulu: hakuna tone juu ya ngozi, hakuna uvimbe, na sukari ya asubuhi inaanza kufanana siku kwa siku.

## Hatua ya 7: Chakula, na sukari ikishuka

Ya haraka na Mixtard huchomwa nusu saa kabla ya kula. Chakula kiwe kimeshaiva, si kwamba mkaa ndio unawashwa. Mama wa nyumba anayechoma halafu anakwenda kusubiri zamu ya bombani anajitafutia matatizo.

Dalili za kushuka ni jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, hasira isiyo na sababu, maneno yasiyoeleweka. Pima, ikiwa chini ya 4, tibu. Huna mashine? Tibu tu.

Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au ya juisi ya muwa. Soda isiyo na sukari haifai hapa. Subiri dakika 15, pima tena. Bado? Rudia. Ikishapanda, kula kitu cha kukaa tumboni: kipande cha mkate, ndizi, kiazi.

Aliyepoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni, kitakwenda kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, tafuta bajaji, nenda hospitali iliyo karibu, iwe Temeke, Amana au Mwananyamala. Mwambie wa kwanza utakayemkuta: "Anachoma insulini." Maneno hayo mawili yafundishe watu wote wa nyumbani kwako, pamoja na mwenye kibanda unapokunywa chai.

Kwa upande mwingine, sukari ikiwa juu na mtu anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa kina na haraka, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, hiyo nayo ni hospitali saa hiyo hiyo. Mara nyingi inaanza pale mtu anapougua malaria, hali chakula, akaamua na insulini aache. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini hata siku moja, hata akiwa hali kitu. Anampigia daktari aulize apunguze kiasi gani. Mlonge na majani mengine yaleni kama mboga, si badala ya insulini.

## Hatua ya 8: Sindano iliyotumika

Bomba ni la mara moja. Najua wengi wanalirudia kwa sababu ya bei, na sitajifanya sijui. Ukilirudia, liwe lako peke yako, urudishie kifuniko chake, na usiifute sindano kwa spiriti. Unaondoa utelezi uliopakwa kiwandani na itaanza kukwaruza. Ikianza kuuma, imekuwa butu, iache. Kumpa mwingine bomba lako, hata mumeo au ndugu yako wa damu, hapana kabisa.

Lililokwisha kazi litumbukize kwenye ile chupa ngumu. Ikijaa robo tatu, funga, zungushia mkanda wa gundi, ipeleke kwenye kituo cha afya wanapochoma taka za hospitali. Usiiweke kwenye mfuko wa taka wa nyumbani. Kabla gari la taka halijapita, kuna watoto wanapekua wakitafuta chupa za kuuza kwa kilo, na wanapekua kwa mikono mitupu.

## Kama bado sukari haishuki

Umepita hatua zote nane na bado? Kama uliongezewa dozi, au ulikuwa unachoma kwenye kinundu, ongea na kliniki kwanza. Vinginevyo, fungua kichupa kipya kutoka kwenye friji unayoiamini, choma dozi ile ile sehemu isiyo na kinundu, upime siku tatu mfululizo: kabla ya chai ya asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya cha usiku, na kabla ya kulala. Andika kila namba pamoja na saa, dozi, sehemu uliyochoma na ulichokula. Namba ikiendelea kupita 15, au ukijisikia vibaya, usisubiri siku ya tatu.

Daftari hilo, kichupa cha zamani na kipya, na bomba moja unalotumia, vitie kwenye mfuko mmoja uende navyo kliniki. Mwombe nesi akuangalie ukivuta dozi mbele yake kama unavyofanya nyumbani, bila kujirekebisha. Mama wa Tandika alipofanya hivyo, kichupa kipya peke yake kilimshusha kutoka 19 hadi 8 kwa siku mbili, na daktari akamrudisha kwenye dozi yake ya zamani.